Nilipoona Alama, Nikaacha Kuangalia

Mtoto aliyelelewa nyuma ya kaunta hafundishwi kuinua karatasi kwenye mwanga. Duka la babangu lilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, na noti ya elfu haikuingia kwenye droo kabla ya kupandishwa juu na kuelekezwa mlangoni, mpaka kichwa cha simba, alama ya maji iliyomo ndani ya karatasi, kijitokeze pale penye weupe. Simba akionekana, mteja anapewa chenji yake. Nikiwa na miaka tisa nilifanya hivyo hata kwa noti ya hamsini, watu wakinicheka. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, katika karakana ya fremu mjini Köln, Ujerumani, bosi wangu aliponipa karatasi ya kale na kuniambia niipeleke dirishani, mkono ulipanda wenyewe. Nikaona mistari, kisha nikaona ngao yenye ua la yungiyungi, na juu yake taji. Nikasema, "Simba yuko." Hakunielewa, lakini alifurahi kwamba sikuuliza ni upande gani wa kushika.

Tabia hiyo ya dukani ndiyo iliyonipa kazi, na ndiyo hiyohiyo iliyonipotezea euro 340. Noti ina jibu moja tu: yuko au hayuko. Picha ya kale haijibu hivyo, na ilinichukua muda kulimeza hilo.

Kazi yetu ni kuvisha picha fremu. Nyingi za zinazoletwa ni chapa, yaani picha zilizochongwa kwenye bamba la shaba au mti, zikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Mteja analeta ya marehemu babu yake, fremu imelika na wadudu, kadi ya nyuma imegeuka rangi ya kahawa kwa asidi. Tunaifungua. Kati ya kuifungua na kuivisha tena kuna saa chache ambazo karatasi iko uchi, mbele na nyuma, kwa mara ya kwanza pengine baada ya miaka themanini. Bosi wangu ni mama wa makamo ya babangu, mkali wa mikono michafu, na ana sheria yake: saa hizo hazipotezwi. Picha inalazwa juu ya bamba jembamba la taa, tunaandika vipimo vyake kwenye daftari, na kama kuna alama ya maji tunaichora.

Anayetaka kuielewa alama hiyo na akumbuke kifumbu cha kuchujia tui. Unamimina, maji yanapita, chicha inabaki juu, na ukiigeuza chicha ile unakuta imechukua msuko wa ukindu upande wa chini. Karatasi ya Ulaya ya zamani ilitengenezwa hivyo. Matambara ya kitani yalitwangwa mpaka yakawa rojo, fundi akachovya ndani yake kalibu, ambayo ni fremu ya mbao yenye wavu wa waya, akainua na kuitikisa, maji yakachuruzika na nyuzinyuzi zikabaki. Palipo na waya zinabaki chache, karatasi inakuwa nyembamba pale, na mwanga unapita zaidi. Waya nyembamba zilizosongamana zinaacha mistari ya kukaribiana sana. Zile zilizozishona pamoja zinaacha mistari mingine iliyoachana kwa sentimita mbili au tatu. Wenyewe wana majina yao ya kifundi. Daftarini mwangu mimi ninaandika nyuzi na mbavu, kwa mpangilio huo, na nimezoea. Fundi akitaka nembo yake anakunja waya umbo alitakalo, ndege, mkono, taji, kichwa cha ng'ombe, na kuishonea juu ya wavu. Basi. Hakuna wino wala dawa. Waitaliano wa Fabriano walianza mchezo huo mwishoni mwa karne ya 13, na Ulaya nzima ikawaiga.

Moja ya nembo hizo tumeishi nayo sisi sote bila kujua. Karatasi ya mtihani tuliyoiita fulskepu, ile ya mistari uliyoongezewa na msimamizi ukiinua mkono, jina lake lilitokana na alama ya maji: kofia ya mcheshi wa mfalme, yenye ncha ndefu na njuga mwishoni. Nilipoiona mara ya kwanza ndani ya karatasi ya karne ya 17, mcheshi ananitazama kwa ubavu na kola yake ya pembe saba, nilikumbuka chumba cha mtihani wa Hisabati na tumbo likanisokota.

Kuna jambo jingine ambalo bosi alinieleza wiki ya kwanza na mimi nikalisikia kwa sikio moja. Kalibu zilifanya kazi mbilimbili. Mtu mmoja anachovya, mwenzake anaipokea kalibu iliyojaa na kuilaza karatasi juu ya kitambaa cha sufu, na wakati huo wa kwanza ameshashika kalibu ya pili. Kwa hiyo kila nembo ina pacha wake, iliyokunjwa na mkono uleule lakini haikulingana nayo kwa kila kitu: mguu mmoja umepinda, taji limeegemea ubavu wa kushoto badala ya kulia. Halafu kalibu inachakaa. Kutwa nzima inapigwa maji na kusuguliwa, waya unalegea, unasogea, unashonwa upya, na baada ya mwaka mmoja au miwili ya kazi mfululizo kalibu inatupwa. Hapo ndipo ilipo thamani ya alama hii kwa anayetaka kujua umri wa kitu. Kusema "nimeona yungiyungi" ni sawa na kusema umemwona mtu aliyevaa kanzu. Yungiyungi yako maelfu. Unachotafuta ni kanzu ile yenye kifungo kilichokatika.

Wapo watu waliotoa maisha yao kwa vifungo hivyo. Charles-Moïse Briquet wa Geneva alitoa mwaka 1907 kitabu chenye michoro zaidi ya 16,000 ya alama, alizozinakili kwa mkono kutoka kwenye nyaraka zenye tarehe. Baada yake Gerhard Piccard akakusanya zaidi yake huko Stuttgart, na leo kadi zake zinapatikana kwenye intaneti, bure, mtu yeyote akae sebuleni na kutafuta. Mmarekani Allan Stevenson, katika miaka ya 1960, alitumia mapacha na uchakavu wa waya kumaliza ubishi juu ya kitabu cha misa ambacho wengine walikuwa wakidai kilichapwa kabla ya Biblia ya Gutenberg, kitabu kikubwa cha kwanza Ulaya kuchapwa kwa herufi za kupanga. Karatasi ilisema 1473, yaani miaka kama ishirini baada ya Biblia hiyo.

Hayo yote niliyajua, au nilidhani ninayajua, asubuhi ile ya Jumapili niliposimama kwenye soko la vitu vya zamani karibu na mpaka wa Ubelgiji.

Kwanza niseme nilichokiona. Mwaka 1572, mjini Köln hapahapa ninapoishi, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walitoa juzuu la kwanza la kitabu cha picha za miji ya dunia. Mpaka 1617 yalikuwa yametoka sita, na picha zake zilipita mia tano. Katika lile la kwanza mna ukurasa mmoja ambao juu yake ni Aden, na chini, ukiwa umegawanywa vipande vitatu, ni Mombasa, Kilwa na Sofala. Imeandikwa Mombaza, Quiloa, Cefala. Mchongaji hakufika huko hata kwa ndoto. Lakini ukiwa umezaliwa Mombasa, na umekaa miaka kumi na moja katika mji ambao watu wake wanakuuliza kama kwenu kuna mvua, kisha ukakuta kwamba mji huohuo ulichapa picha ya kwenu zaidi ya miaka mia nne iliyopita, kuna kitu kinakushika kooni. Nilikuwa nimeiona vitabuni tu. Sasa iko mbele yangu, imeegemezwa kwenye sanduku la sahani, ndani ya plastiki.

Muuzaji hakunidanganya. Nimelifikiria hilo mara nyingi na sina pa kumshika. Nilimuuliza ni ya lini, akasema, "Ya zamani." Nikamwomba niitoe kwenye plastiki, akaniruhusu. Nikaiinua kuelekea jua, kama noti. Nyuzi ziko, mbavu ziko, na upande wa kulia, wazi kabisa, ngao yenye taji na herufi mbili chini yake. Simba yuko! Sikuangalia tena kitu kingine. Yaani niliangalia, macho yalikuwa wazi, lakini kila nilichokiona nilikitafutia udhuru. Mgongo wa karatasi ulikuwa mtupu, bila maandishi ya Kilatini yanayotakiwa kuwepo. Nikajiambia matoleo ya baadaye yenye mgongo mtupu yapo, na ni kweli yapo. Rangi ya kijani ilikuwa mbichi kama jani la mchicha. Nikasema imepakwa upya. Alitaka 400, nikashuka naye mpaka 340, na nikajiona mjanja wa biashara niliyemshinda Mzungu kwake.

Jumatatu nilifika kazini mapema na kuilaza mezani bila kusema neno. Bosi alivaa miwani yake. Hakuiinua. Alianza kwa kupitisha kidole, ubavu wa kidole, pembezoni mwa picha, akitafuta mbonyeo. Bamba la shaba likigandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu linaacha ukingo unaohisika, na pale hapakuwa na ukingo. Akachukua lenzi. Mstari wa kuchongwa kwenye shaba unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha kwa ncha, na wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi. Mistari ya picha yangu ilikuwa vijidoti vilivyopangwa safu. Akaigeuza. "Kijani hiki," akasema, "kingekuwa cha kweli kingeshaitafuna karatasi." Kijani cha wakati ule kilitengenezwa kwa shaba, na baada ya karne kadhaa kinapenya na kuacha kivuli cha kahawia mgongoni, mahali pengine karatasi inapasuka kabisa. Mgongo wangu ulikuwa safi kama shuka la hospitali.

Ndipo akawasha bamba la taa, mwisho kabisa. Akanionyesha mbavu. Katika karatasi ya kalibu ya zamani, kando ya kila ubavu kuna kivuli, weusi mwepesi kama moshi, kwa sababu vijiti vya mbao vilivyoushikilia wavu vilifanya rojo lituame zaidi pale. Mafundi waliliondoa tatizo hilo kuelekea mwaka 1800 kwa kubadilisha muundo wa kalibu. Mbavu zangu hazikuwa na moshi. Zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa rula, na nyuzi zake ziko sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Hiyo ni kazi ya rola: tangu miaka ya 1820 mashine za karatasi zinaweza kupitisha juu ya karatasi mbichi rola yenye waya, ikaipiga mistari na nembo yoyote unayotaka, kilomita kwa kilomita. Na zile herufi mbili chini ya ngao? Zilikuwa kifupi cha jina la kiwanda kinachotengeneza karatasi nzuri ya kuandikia barua za mwaliko. Kwa kunimaliza, akafunga mapazia na kuwasha taa ya urujuanimno. Mombasa, Kilwa, Sofala na Aden ziling'aa buluu, kama shati jeupe kwenye disko. Kinachong'aa hivyo ni dawa ya kung'arisha karatasi, iliyoanza kutumika katikati ya karne ya 20.

"Nzuri kwa jikoni," alisema. Nilitaka kucheka, sauti haikutoka.

Lililoniuma kuliko pesa ni mpangilio wake. Yeye alianza na kidole, akaja lenzi, akageuza mgongo, na mwanga ukawa wa mwisho. Mimi nilianza na mwanga na nikaishia hapo. Babangu alipoangalia simba alikuwa tayari ameshaishika noti, ameshaisikia ukavu wake, ameshamtazama aliyeileta usoni. Mimi nilijifunza ile sehemu inayoonekana kwa mtoto wa miaka tisa.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kushuku, na huo nao ni ugonjwa. Chapa ndogo ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, ililetwa na ndugu wawili waliokuwa wakigombana kimyakimya, na mimi sikuona alama yoyote ndani yake. Nikatikisa kichwa mbele yao. Bosi alinivuta nyuma ya karakana na kunisema. Karatasi nzima ina nembo moja, katikati ya nusu yake, pengine na nembo nyingine ndogo katika nusu ya pili. Ukiikata vipande vinne au vinane kwa ajili ya picha ndogo, vingi vitatoka mikono mitupu. Rembrandt mwenyewe alichapa nyingine kwenye karatasi ya Kijapani, ambayo haina nembo hizo kamwe. Kutokuwepo kwa alama si ushahidi wa kitu. Na hata ikiwepo, kwa Rembrandt swali la kweli au bandia ni dogo. Alifariki 1669, lakini mabamba yake mengi ya shaba hayakufa: yalipita mikono ya wafanyabiashara, Basan wa Paris akayachapa mwishoni mwa karne ya 18, na wengine wakaendelea hadi 1906. Zote hizo zimetoka kwenye shaba aliyoichonga yeye. Alama ya maji, ikiwepo, ndiyo inayoweza kukuambia kama karatasi ililowa maji ya Amsterdam yeye akiwa hai, akiinama juu yake, au ilitoka dukani Paris baada ya mifupa yake kuoza. Tofauti ya bei ni ya nyumba na baiskeli. Wale ndugu tuliwaelekeza kwa mtaalamu mwenye vifaa vya mionzi, na sikujua walipatana vipi.

Mara nyingine alama inazungumza kwa sauti mpaka inatia aibu. Mteja alileta picha yenye saini ya Dalí, mchoraji wa Hispania, na cheti cha kupendeza, chenye muhuri, kinachosema ilichapwa 1974. Tulipoifungua, pembeni mwa karatasi palikuwa na jina la Arches, kiwanda cha karatasi cha Ufaransa, na baada yake alama ya infiniti, ile nane iliyolala. Kiwanda kilianza kuitia alama hiyo mwaka 1980. Karatasi haikuwa imezaliwa mwaka ambao cheti kinasema picha ilichapwa. Hapa ndipo alama ya maji inapokuwa hakimu: picha haiwezi kuitangulia karatasi yake. Ila kinyume chake hakikatazwi, na nimeshakosea hapo pia. Karatasi za Kiingereza za Whatman, tangu 1794, mara nyingi zinabeba mwaka ndani yake, na mimi nilimwambia mteja kwa kujiamini kwamba picha yake ya meli ni ya 1811 kwa sababu imeandikwa 1811. Ni karatasi iliyokuwa ya 1811. Mchapaji anaweza kuikalisha stoo, na mghushi mwenye subira anachomoa kurasa tupu za mwisho kwenye vitabu vya kale na kuchapa juu yake leo hii.

Nilipokwenda likizo nilibeba kijibamba changu cha taa mkobani. Mamangu ni mtu wa Siyu, kisiwa cha Pate, na kwa mjomba wake kuna msahafu ambao tangu utotoni nimesikia ni wa "enzi za Mreno". Siyu ulikuwa mji wa waandishi wa misahafu, na iliyosalia kutoka karne za 18 na 19 ina wino mweusi, mwekundu na wa manjano ulionakshiwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Karatasi yake kwa wingi ilitoka ng'ambo, Italia hasa. Nilikuwa nimelisoma hilo Köln na nikatetemeka: kumbe nyumbani kuna kazi yangu. Tulisubiri maji yajae ndipo mashua ipenye kwenye mikoko, tukafika alasiri. Nikamwamkua mjomba, nikaeleza ninachotaka, akanitazama kama anayemtazama daktari wa meno. "Una udhu?" Nikaenda kutawadha.

Nilikaa na msahafu ule zaidi ya saa nzima, nikipenyeza bamba la taa chini ya ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikiwa nimeshika pumzi. Mbavu zilikuwa zimelala badala ya kusimama, maana karatasi ilikunjwa mara mbili, na kwa hiyo nembo ilikuwa imezama kwenye mkunjo, nusu ukurasa huu, nusu ukurasa ule. Nikazipata hata hivyo: miezi mitatu michanga, imejipanga kutoka mkubwa hadi mdogo. Ndiyo nembo ambayo Waitaliano wa upande wa Venice waliitia kwenye karatasi za kuuzia nchi za Waislamu. Mahesabu yakaanza kichwani. Miezi mitatu haiwezi kunifikisha kwa Vasco da Gama. Karne ya 18, pengine ya 19. Sasa nitamwambiaje mzee huyu, ambaye babu yake alimwambia ni enzi za Mreno, kwamba kijana kutoka Ulaya na taa yake ya betri amegundua si hivyo?

Nikaanza kwa mbali. Nikasema, "Mjomba, karatasi hii, kwa ninavyoona, huenda si ya zamani sana kama tulivyokuwa tukisikia."

"Ulikuwa ukitafuta umri wake?" aliuliza. "Mimi nikidhani unaangalia mchwa wamefika wapi." Akauchukua msahafu, akaufungua mwisho, kwenye ukurasa ambao sikuufikia, akaweka kidole. Mwandishi alikuwa ameandika jina lake, jina la babake, siku aliyomaliza na mwaka: 1241 Hijria, sawa na 1825 au 1826. Umeandikwa kwa maneno, mweusi wazi, unasomeka bila taa.

Mamangu alikuwa mlangoni na sahani ya mikate ya mofa. Hajaacha kulisimulia jambo hilo arusini.

Hiyo enzi ya Mreno nilikuja kuelewa baadaye kuwa kwa wazee wa pale ina maana ya "zamani kabla yetu", haikuwa hesabu ya miaka. Hakuna aliyekuwa amedanganywa isipokuwa mimi niliyeichukua kama tarehe.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, mteja mmoja mzee alileta bahasha kubwa ya kadi na kuniambia ni picha ya mkewe, anataka fremu ya mti wa mcheri, hana haraka. Nikaitoa. Aden juu. Chini Mombaza, Quiloa, Cefala.

Sikuipeleka dirishani. Niliosha mikono, nikafuta meza, nikakaa. Kidole kwanza: ukingo upo, karibu sentimita 33 kwa 47, pembe moja imebonyea zaidi. Lenzi: mistari inanenepa na kukonda, wino umekaa kama nyuzi za kushona. Nikaigeuza, Kilatini kimejaa mgongo mzima, na katikati ya maneno yale kivuli cha kahawia mahali palipo milima na miti upande wa pili. Katika mkunjo wa katikati kuna kipande cha karatasi kilichogundishwa na mtu wa kabla yetu, gundi mbaya. Nilisoma maneno niliyoweza kusoma. Nilikuwa nimekawia kiasi kwamba bosi aliinua kichwa kutoka kwenye meza yake na kuuliza kama kuna tatizo.

Ndipo nikawasha taa. Mbavu zilikuwa zimesimama, sambamba na mkunjo, na kila moja ina moshi wake. Nembo iko katika nusu ya kulia, imechanganyika na mistari ya picha upande mmoja na maneno ya Kilatini upande wa pili, hivi kwamba ilinibidi nipige picha mara kadhaa, taa ikiwaka na ikiwa imezimwa, ili niitenganishe. Gudulia lenye mkono mmoja, na juu ya mdomo wake kitu kama maua. Ubavu unapita karibu na mkono wa gudulia, kwa milimita tatu. Kwenye kitako waya umekatika, umeacha mwanya.

Magudulia ni mengi mno. Karne ya 16 viwanda vya Ufaransa viliyatengeneza kwa wingi na Briquet amejaza kurasa kwa kurasa. Nimetumia jioni nyingi, watoto wakiwa wamelala, kupitia kadi za Stuttgart kwenye kompyuta, chini ya ile Mombasa yangu inayong'aa buluu, ambayo kweli iko jikoni. Nimepata moja inayokaribia sana: urefu uleule, maua yaleyale, kitako kizima, ila mkono wake umeelekea upande mwingine na umeachana na ubavu kwa milimita tano. Inaweza kuwa ndiye pacha. Inaweza pia kuwa gudulia la mtu mwingine kabisa.

Picha ilishaondoka. Mzee alikuja, akalipa, akaniuliza kama miji ile mitatu ya chini ni ya kweli au ilibuniwa. Nikamwambia wa kushoto nimezaliwa humo. Akatazama picha, akanitazama mimi, akainama tena juu ya kioo, na nikamwonyesha kwa kidole, bila kugusa, mahali ambapo kwa kukadiria tu ningesema duka la babangu lilikuwepo. Kwenye daftari, mbele ya gudulia, nafasi ya tarehe bado nimeiacha wazi.